Mzee Anaposahau: Uzee, Huzuni, Homa au Maradhi ya Ubongo?

Katika kata ya Kwaluguru wilayani Handeni, kama ilivyo kwa majirani zao wa Korogwe, mzee akianza kubadilika watu hawakosi maelezo: ni uzee tu. Akiuliza swali lile lile mara nne kabla chai haijapoa, ni uzee. Akisusa chakula na kushinda ameegemea ukuta bila kusema na mtu, ni uzee. Akiamka usiku wa manane akimwita dada yake aliyekwisha kufa, akataka kwenda kulinda shamba lililouzwa zamani, huo nao ni uzee.

Maelezo hayo yana huruma ndani yake, kwa kuwa yanamvumilia mzee bila kumlaumu. Ubaya wake ni kwamba yanafunga mlango mapema. Hali hizo tatu zinaweza kuwa na vyanzo vitatu mbalimbali: kimoja hutibika kwa siku chache, kingine kwa miezi kadhaa, na cha tatu hakiponi ila makali yake hupunguzwa. Anayezitia zote kapu moja humwacha afe mtu ambaye vidonge vya malaria vingemwinua, na humpeleka kwa mganga mtu ambaye hahitaji kingine zaidi ya kukaa na watu.

Kuzitenganisha hakuhitaji mashine za mamilioni. Kunahitaji maswali matatu, na wenye majibu ni watu wa nyumbani: ilianza lini, imekwenda kwa mwendo gani, na ni kazi gani aliyoizoea ambayo sasa imemshinda?

Uzee wenyewe unaleta nini

Tuanze na mzee mwenye afya. Akili yake hupungua kasi, na hilo ni la kawaida. Jina la mtu humponyoka, likamrudia saa moja baadaye akiwa anapukuchua mahindi. Akisimuliwa habari mbili kwa pamoja, moja humpita. Wanasaikolojia Raymond Cattell na John Horn walieleza mwaka 1966 kwamba akili ina pande mbili. Upande mmoja ni wepesi wa kutatua jambo jipya, nao huanza kushuka mapema utu uzima. Wa pili ni akiba ya maarifa, msamiati na uzoefu, ambayo hudumu hadi uzeeni. Ndiyo maana mzee anayeshindwa kujifunza kutuma pesa kwa simu anaweza kuwa ndiye pekee anayejua mpaka wa mashamba mawili ulipita wapi kabla ya watu kuhamishiwa vijijini kwa Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970.

Hisia nazo hubadilika, na si kwa ubaya. Mwanasaikolojia Laura Carstensen wa Marekani ameonyesha kwamba watu wanapoona siku zilizobaki si nyingi hupunguza marafiki wa juujuu, wakabaki na wa karibu, na wengi hutulia kuliko walivyokuwa ujanani. Bibi aliyeacha kwenda kila ngoma na sasa anataka wajukuu wake tu hana ugonjwa. Amechagua.

Mpaka, basi, uko hapa: uzee humchelewesha mtu, lakini haumnyang'anyi kazi yake. Mama aliyesonga ugali miaka 50 anaweza kusahau alikoweka mwiko. Akisimama mbele ya sufuria inayochemka asijue kinachofuata ni nini, hilo uzee peke yake haulielezi.

Huzuni inayojificha mwilini

Sonona, yaani huzuni iliyogeuka ugonjwa, kwa wazee mara nyingi haina sura ya machozi. Mzee haji zahanati kusema ana huzuni. Husema mwili hauna nguvu, usingizi umekata, kifua kinabana, chakula hakina ladha. Akiulizwa jambo hujibu "sijui", na aliye karibu hudhani kumbukumbu zimekwisha, kumbe ni hamu ya kujibu ndiyo iliyokwisha.

Sababu zake hazitafutwi mbali: kufiwa na mwenzi, watoto kuhamia Tanga na Dar es Salaam, mtoto wa jicho unaomfungia mtu ndani ya ukungu, masikio yanayomtenga katikati ya watu wanaoongea. Wako pia waliobeba mizigo ya zamani. Katika makazi ya Chogo, wilaya hiyo hiyo ya Handeni, wanaishi watu wenye asili ya Kizigua ambao babu zao walichukuliwa utumwani hadi Somalia katika karne ya 19, na ambao wenyewe waliikimbia nchi hiyo ilipolipuka vita mwanzoni mwa miaka ya 1990. Waliokuwa watu wazima wakati ule ni wazee leo, na yale waliyoyaona njiani hayakuwaacha walipovuka mpaka.

Kwa kawaida mwenye sonona hulalamika mwenyewe kwamba anasahau. Mwenye ugonjwa wa ubongo aghalabu hukana, na wanaolalamika ni watu wa nyumbani kwake. Tofauti hiyo si sheria, ila ni dalili nzuri ya kuanzia. Sonona inatibika kwa mazungumzo, kwa dawa, na mara nyingine kwa kumwondolea mtu ukungu wa mtoto wa jicho.

Homa inayoonekana kama pepo

Hali ya tatu ndiyo inayoua haraka. Mzee aliyekuwa sawa juzi, leo anaweweseka. Anaona watu wasiokuwepo, anavua nguo, hajui ni asubuhi au jioni, mara anapiga kelele, mara amezimia kwa usingizi. Kisha kwa saa moja anarudi kuwa mwenyewe, na jioni anaharibikiwa tena. Madaktari huita hali hii deliriamu. Chanzo chake aghalabu kiko nje ya ubongo: malaria, nimonia, maambukizi ya njia ya mkojo, upungufu wa maji mwilini, sukari kupanda au kushuka, dawa nyingi zilizochanganywa. Watafiti waliowachunguza wazee waliolazwa katika hospitali ya KCMC mjini Moshi waliikuta kwa takribani mmoja kati ya watano.

Handeni ina sifa ya waganga nchi nzima. Kwa wengi, kinachokuja ghafla kimetumwa na mtu, na kinachokuja polepole kimeletwa na umri. Kwa hiyo anayeweweseka ghafla hupelekwa kilingeni, na anayesahau kidogo kidogo huachwa nyumbani. Lakini yule wa ghafla ndiye ambaye zahanati inaweza kumwokoa wiki hiyo hiyo, kwa kipimo cha malaria, maji ya dripu na dawa ya kuua bakteria. Siku tatu za kufukizwa na kuchanjwa chale ndizo siku tatu alizokuwa nazo. Familia isiyotaka kumwacha mganga itangulie zahanati kwanza. Mganga hahami.

Maradhi ya ubongo yenyewe

Ndipo tunafika kwenye demensia. Hilo ni jina la kundi la magonjwa yanayoharibu seli za ubongo hatua kwa hatua, hadi mtu ashindwe kujiendesha. Mashuhuri kati yake ni ugonjwa wa Alzheimer, uliopewa jina la daktari Mjerumani Alois Alzheimer. Yeye mwaka 1906 aliwaeleza wenzake habari za mgonjwa wake Auguste Deter, mwanamke aliyepoteza kumbukumbu akiwa na miaka 50 na kitu tu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2021 watu milioni 57 walikuwa na demensia, zaidi ya asilimia 60 wakiwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Dhana kwamba haya ni maradhi ya Ulaya haina mguu wa kusimamia.

Kwa Tanzania, ushahidi ulio imara unatoka wilaya ya Hai, Kilimanjaro. Mwaka 2010 watafiti walipita nyumba kwa nyumba katika vijiji sita wakawapima watu 1,198 wenye miaka 70 na zaidi. Waliikuta demensia kwa asilimia 6.4. Takwimu hiyo ina jambo zito zaidi ndani yake: kati ya waliokuwa nayo, karibu nusu walikuwa na Alzheimer, na wawili katika kila watano walikuwa na ile inayotokana na mishipa ya damu, yaani ubongo uliokosa damu kwa viharusi vikubwa au vidogo vidogo visivyoonekana. Katika wazee wa wilaya hiyo hiyo, karibu saba kati ya kumi walikuwa na shinikizo la juu la damu, na ni wachache mno ambao presha yao ilikuwa imedhibitiwa.

Hai ni mlimani kwenye migomba na kahawa, Handeni ni nyika ya mahindi na mihogo. Lakini presha haichagui zao. Aina ya pili ya demensia ndiyo inayozuilika, na kifaa cha kuikabili ni kile kinachofungwa mkononi kikajazwa upepo.

Njiti za kiberiti badala ya kalamu

Unampimaje akili mtu ambaye hakusoma? Kipimo kilichotawala dunia tangu mwaka 1975, cha Folstein na wenzake, humtaka mtu aandike sentensi, anakili mchoro wa pembe tano mbili zilizopishana, atoe saba kutoka mia na kuendelea kutoa. Mpe kipimo hicho bibi wa Kwaluguru ambaye hajawahi kushika kalamu na utamtia ugonjwa asio nao. Kitakuwa kimepima shule, na shule hakupata.

Watafiti waliofanya kazi Hai na nchini Nigeria walitengeneza kipimo kingine, kiitwacho IDEA. Mzee anaombwa ataje wanyama wengi kadiri awezavyo kwa dakika moja. Anaulizwa daraja ni kitu gani. Anasomewa orodha ya maneno na baadaye anaombwa ayarudie. Kisha muuguzi anamwaga njiti za kiberiti mezani, anazipanga kwa umbo fulani, na kumwomba apange zake vivyo hivyo. Hakuna kalamu wala karatasi, na hakuna aibu ya kutojua kusoma. Hata umri wenyewe ulitafutwa kwa kuuliza matukio, kwani cheti cha kuzaliwa hakuna. Mtu huulizwa alikuwa mkubwa kiasi gani wakati wa Uhuru mwaka 1961, au kama alishaoa vita vya Kagera vilipoanza mwaka 1978. Pamoja na hayo, jamaa wa mzee huulizwa kuhusu shughuli za kila siku za kijijini, anazozimudu na zilizomshinda.

Sehemu hiyo ya mwisho ni muhimu kwa sababu adabu zetu zinaficha ugonjwa. Sikiliza:

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Hujambo?"

"Sijambo, babu. Habari za hapa?"

"Nzuri. Wazima nyumbani? Mama hajambo?"

"Hajambo, anakusalimu."

"Haya, namshukuru. Karibu, karibu sana."

Mgeni anaondoka akisifu kwamba mzee bado yuko imara. Kumbe babu hajui amezungumza na nani, na huyo mama aliyeulizwa habari zake hamkumbuki. Salamu imekaa mdomoni kwa miaka 70, na ni miongoni mwa vitu vya mwisho kuondoka. Daktari wa dakika tano hudanganyika nayo, na hata mwanawe anayekuja sikukuu hadi sikukuu hudanganyika. Hadanganyiki mkwe anayelala nyumba moja na mzee, kwa sababu yeye ndiye aliyekuta chumvi imetiwa mara tatu na mbegu za kupanda zimechemshwa.

Kuna na la lugha. Ugonjwa unapokomaa, aliyekulia Kizigua na kujifunza Kiswahili baadaye huweza kurudi kwenye lugha ya mama yake. Mjukuu aliyelelewa kwa Kiswahili tupu husikia maneno asiyoyaelewa na kusema bibi anabwabwaja. Kabla ya kuamua hivyo, aitwe mtu wa rika lake akae naye. Pengine anaomba maji tu.

Nyumba inayobeba mzigo

Utunzaji wa mzee mwenye demensia ni kazi ya mchana na usiku, na karibu kila mara humwangukia mwanamke: binti, mkwe, au mjukuu wa kike aliyekatishwa masomo. Mvua zikianza kazi inakuwa mara mbili. Shamba linamtaka na mzee anamtaka. Akimwacha, mzee anaweza kuwasha moto kwenye nyumba ya makuti, au kuifuata njia ya kijiji alichohamishwa miaka 50 iliyopita. Akimfungia, majirani watamsema. Akibaki naye, njaa itabisha hodi mwezi wa pili.

Hatari nyingine iko nje ya nyumba. Mtu anayezunguka kwenye uwanja wa jirani saa nane za usiku akiwa nusu uchi hupewa jina la mwanga bila kuulizwa. Katika mikoa ya Kanda ya Ziwa vikongwe wameuawa kwa tuhuma za uchawi, macho yao mekundu yakitajwa kama ushahidi, ilhali yaliivishwa na moshi wa jiko. Familia inayowaeleza majirani mapema kwamba mzee wao anaumwa, na kwamba wakimkuta wamrudishe nyumbani, inamwekea ulinzi ambao fitina haiwezi kuuvunja kirahisi.

Halafu kuna ardhi. Mzee aliyeanza kupoteza kumbukumbu bado ana dole gumba, na dole gumba huuza ekari. Sheria ya Mikataba ya Tanzania inataka anayeingia mkataba awe na akili timamu, lakini kubatilisha mauziano baada ya mnunuzi kupanda miti ni kesi ya miaka. Dawa yake ni kuwahi. Dalili zikianza, wakati mzee bado anaweza kusema anachotaka, ukoo ukae naye, wosia uandikwe mbele ya mashahidi, na mwenyekiti wa kijiji ajulishwe kwamba mauziano yoyote yasipite bila watoto wake kuitwa. Kumwita mzee kwenye kikao hicho ni heshima. Kukifanya akiwa hajui tena jina lake ni kumgawa.

Kinachowezekana kwa kilichopo

Mwaka 2023 Marekani iliidhinisha lecanemab, dawa inayopunguza kasi ya Alzheimer kwa walio katika hatua za mwanzo. Bei yake ilitangazwa kuwa dola 26,500 kwa mwaka, na huandamana na picha za ubongo za mara kwa mara. Kuingoja Handeni ni kupoteza muda. Taarifa ya jopo la jarida la Lancet ya mwaka 2024 ina faida zaidi kwetu: karibu asilimia 45 ya demensia duniani inahusishwa na mambo 14 yanayoweza kuzuiwa au kupunguzwa. Miongoni mwake ni shule kidogo utotoni, uziwi, presha, kisukari, sigara, pombe nyingi, kuumia kichwa, moshi, upweke, na macho yasiyotibiwa. Nusu ya orodha hiyo inaweza kushughulikiwa na muuguzi mmoja, mwalimu mmoja na kofia ya bodaboda.

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 iliahidi matibabu bila malipo kwa wazee wasio na uwezo, na hospitali nyingi zina dirisha la wazee. Lakini dirisha humsaidia anayeweza kulifikia na kujieleza, na mwenye demensia hawezi yote mawili. Kwa hiyo huduma ndiyo imfuate. Januari 2024 serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii wenye lengo la kufikia wahudumu zaidi ya 137,000, wawili kwa kila kitongoji. Mhudumu huyo akipewa mashine ya presha, boksi la kiberiti na yale maswali matatu, atatambua mengi kuliko bingwa aliye mbali.

Tiba isiyo ya vidonge nayo imejaribiwa hapa hapa nchini. Huko Hai, wazee wenye demensia nyepesi hadi ya wastani walikusanywa vikundi vidogo kwa vikao vya kuchangamsha akili: michezo, mazungumzo ya zamani, kazi za mikono walizozijua. Waliofuatilia waliona nafuu katika kumbukumbu na katika hali ya maisha. Wazo la kazi kama tiba si geni katika eneo hili. Juu ya milima ya Usambara, wilayani Korogwe, ipo hospitali ya Lutindi ya Kanisa la Kilutheri. Ilianza mwaka 1896 kama makao ya watoto waliokombolewa utumwani, na mwanzoni mwa karne ya 20 ikawa hospitali ya kwanza ya wagonjwa wa akili Afrika Mashariki. Wagonjwa wake kwa miaka mingi wamefanya kazi za shamba na za mikono kama sehemu ya matibabu. Kwa mzee wa Kwaluguru si lazima apande mlima. Apewe maharage ya kuchambua, aketi na wenzake chini ya mwembe, aimbe nyimbo za jando alizozishika tangu utoto. Akichanganya mazuri na mabovu, mwingine atayarudia.

Fedha nazo ni sehemu ya tiba. Zanzibar ilianza Aprili 2016 kuwalipa pensheni wote wenye miaka 70 na kuendelea, kwa kuanzia shilingi 20,000 kwa mwezi. Bara haijafanya hivyo. Inategemea mipango ya kunusuru kaya maskini kupitia mfuko wa TASAF, ambako uzee peke yake haukupi haki. Pensheni ndogo haitibu ubongo, lakini hulipa nauli ya bodaboda kwenda kupima presha, na humpa mkwe uwezo wa kupata msaidizi msimu wa kulima.

Ukiyaweka yote pamoja, kazi inajigawa yenyewe. Kilichoanza jana ni cha zahanati leo. Kilichoanza na msiba ni cha mazungumzo na tiba ya sonona. Kilichokuja kwa miaka, kikila kazi moja baada ya nyingine, ni cha familia na majirani kujipanga, huku presha ikidhibitiwa ili kisiende mbio. Na wenye miaka 40 leo, ambao bado hawajasahau kitu, ndio wanaohitaji kupimwa presha kuliko wote, kwa kuwa ubongo wao wa miaka 75 unaamuliwa sasa.